Haki ya Kupita katika Njia Panda za Tanga

Wazee wa pwani ya Mrima, tangu Pangani hata Vanga, hawakuichukulia njia panda kuwa mahali pa kupita tu. Waganga waliweka kafara zao hapo, na msafiri aliyekuta yai au sarafu juu ya mchanga alizunguka asiiguse. Woga huo ulifuatwa na amri ya chuma mwaka 1893, Wadachi walipoanza kujenga reli kutoka Tanga, mwaka uleule miche ya mkonge ilipotiwa ardhini Kikogwe, karibu na Pangani. Maana gari la moshi halimpishi mtu, na mji uliokatwa na reli, bandari na maofisi upande huu, mitaa ya Ngamiani upande ule, ulilazimika kujifunza kungoja. Aliyewahi kusimama kwenye kivuko cha reli, mguu mmoja chini na mmoja juu ya pedali, mabehewa ya marobota ya mkonge yakipita polepole kuelekea gatini, anajua kwamba kungoja kuna adabu yake: kengele za baiskeli hunyamaza, mchuuzi hulishika tenga lake lisiyumbe, na njia inapofunguka hakuna amwambiaye mwenziwe aanze.

Ngamiani ilipimwa kwa kamba, barabara zake zikapewa namba badala ya majina, ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea, kana kwamba aliyezichora alitabiri maarifa yatakayokuja ya kuziongoza njia panda kwa hesabu. Maarifa hayo yalitengenezwa Uingereza, ambako mwaka 1958 mtafiti F. V. Webster alitoa kanuni ya kukadiria mzunguko wa taa za barabarani, tangu kijani hata kijani nyingine, utakaopunguza muda wa watu kungoja. Na takriban miaka 10 baadaye D. I. Robertson, kwa programu iliyoitwa TRANSYT, aliikabidhi kompyuta njia panda nyingi kwa pamoja, ikawa inasogeza mwanzo wa kijani hapa kwa sekunde chache, inahesabu hasara ya kungoja na kusimama kote, hasara ikipungua badiliko hubaki, ikizidi hutupwa, hata isione tena la kusogeza.

Ila katika hesabu za Waingereza za zama zile mna jambo ambalo mwenyeji wa Tanga, mji wa baiskeli, hawezi kulipita kimya. Ili vyombo vyote viingie katika kanuni moja, kila kimoja kilipimwa kwa gari dogo: basi likawa zaidi ya magari mawili, na baiskeli tano zikafanywa gari moja. Kwa nafasi ya barabarani kipimo hicho kina hoja; kwa haki ya watu hakina, kwa kuwa baiskeli tano ni watu watano, na aghalabu zaidi kwa sababu ya waliopakiwa nyuma, ilhali gari lile mara nyingi lina dereva peke yake. Mhandisi atakayeketi na kompyuta kuzipangia taa njia panda za Tanga namtaka kwanza aende Ngamiani saa kumi na mbili alfajiri, asimame pembeni na daftari, ahesabu vichwa, wachuuzi wa samaki wakiingia kutoka Sahare, matenga yakichuruzika maji ya chumvi juu ya lami.