Oili ya injini

Oili ya injini (pia: mafuta ya kulainisha injini) ni kiowevu kinachozungushwa ndani ya injini ya mwako wa ndani ili kupunguza msuguano kati ya sehemu zinazosogea, kubeba joto na uchafu, na kuzuia kutu. Hutumika katika magari, pikipiki, matrekta, jenereta na boti. Oili huchakaa kadiri inavyotumika, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya muda au umbali fulani.

Madereva wengi husema kwamba gari hutulia na kelele hupungua mara tu oili ya zamani inapomwagwa na kutiwa mpya. Dai hilo lina ukweli, lakini kwa masharti. Tofauti husikika hasa pale ambapo oili ya zamani ilikuwa imechakaa sana, imepungua, au haikuwa ya aina inayofaa injini hiyo. Kama ilikuwa bado nzuri, tofauti ni ndogo sana au haipo.

Kazi yake

Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Bila oili, metali ingesugua metali, ingepata moto na kushikana katika muda mfupi.

Oili hukaa katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Pampu huivuta, huipitisha katika filta, kisha huisukuma hadi kwenye beringi za krankshafti, kamshafti na valvu. Katika beringi, shafti inayozunguka huvuta oili na kujenga utando mwembamba unaoibeba, hivyo metali mbili hazigusani. Mwingereza Beauchamp Tower alionyesha jambo hili kwa majaribio mwaka 1883, na mwanasayansi Osborne Reynolds alilieleza kwa hisabati mwaka 1886.

Utando huo hauwezi kudumu kila mahali, kwa mfano wakati wa kuwasha injini. Hapo kazi hufanywa na viambato vya kikemikali, hasa vyenye zinki na fosforasi, vinavyoacha tabaka la kinga juu ya metali.

Oili pia:
- huondoa joto mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, kama vile chini ya pistoni;
- huziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na silinda;
- hushikilia masizi na chembe za uchafu zisigande;
- hupunguza makali ya asidi zinazotokana na mwako.

Historia fupi

Kabla ya mafuta ya petroli kuenea, mitambo ililainishwa kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mafuta ya mbarika yalitumika katika injini nyingi za ndege wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na jina la oili ya Castrol linatokana na jina la mafuta hayo kwa Kiingereza. Siku hizi oili nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ghafi, na nyingine, ziitwazo sinthetiki, huundwa kiwandani kwa njia za kikemia.

Mnato na viwango

Mnato ni ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka: asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Oili ikiwa nyepesi mno, utando wake huvunjika. Ikiwa nzito mno, huchelewa kufika juu ya injini na kuongeza matumizi ya mafuta.

Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani (SAE) kilianza kupanga oili kwa mnato mwaka 1911. Katika alama 5W-30, herufi W humaanisha majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake huonyesha tabia ya oili katika baridi, na namba ya mwisho huonyesha mnato wake injini ikiwa na joto. Hivyo 5W-30 na 20W-50 si oili zinazobadilishana bila kujali.

Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) hutoa alama za ubora. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili huonyesha kizazi: kiwango cha SP, kilichoanza mwaka 2020, ni kipya kuliko SN.

Jinsi oili inavyochakaa

Joto na oksijeni huifanya oili iwe nzito na kuacha tope jeusi. Petroli inayovuja kupita ringi huifanya iwe nyepesi. Viambato navyo huisha kidogo kidogo.

Rangi nyeusi peke yake si dalili ya ubovu. Oili ya dizeli huweza kuwa nyeusi mapema baada ya kubadilishwa, kwa sababu inashikilia masizi jinsi inavyotakiwa. Dalili mbaya ni harufu kali ya petroli, chembe za metali, au rangi ya chai ya maziwa, ambayo huonyesha kwamba maji yameingia.

Oili mpya na sauti ya injini

Oili mpya huweza kupunguza kelele kwa njia zifuatazo:
- Kurudisha kiasi. Mara nyingi kilichokosekana si upya wa oili bali lita moja au mbili zilizokuwa zimepungua.
- Kurudisha mnato. Utando wenye unene unaofaa hupunguza makali ya migongano midogo ya metali.
- Kujaza tapeti. Katika baadhi ya injini tapeti hujazwa oili ili kuondoa nafasi kwenye valvu. Oili ikiwa chafu au chache, husikika mlio wa kugongagonga juu ya injini.
- Kufungua njia. Katika magari mengi ya kisasa majira ya kufunguka kwa valvu hurekebishwa kwa shinikizo la oili, na tope huweza kukwamisha mfumo huo.

Kwa upande mwingine, oili haiponyi mtetemo unaotokana na plagi mbovu, nozeli zilizoziba au mipira iliyochoka inayoshikilia injini. Wala hairudishi metali iliyokwisha kulika.

Ni muhimu pia kujua kwamba ukimya si ushahidi wa afya. Oili nzito kuliko inavyotakiwa huweza kuficha mlio wa beringi zilizolika, na baadhi ya wauzaji wa magari yaliyotumika hutumia hila hiyo. Kinyume chake, mwenye gari akisubiri kelele ndipo abadilishe oili, huenda amechelewa, maana metali hulika kimyakimya kwa muda mrefu kabla ya kusikika. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, injini huzimwa mara moja.

Kubadilisha

Muda unaofaa umeandikwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi ni kati ya kilomita 5,000 na 15,000, au miezi 6 hadi 12, lolote litakalotangulia. Vumbi, foleni, mizigo mizito na safari fupi fupi hupunguza muda huo. Filta hubadilishwa pamoja na oili.

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Kijiti cha kupimia hutolewa, hufutwa, hurudishwa na kutolewa tena. Kiwango kinatakiwa kuwa kati ya alama mbili. Kuzidisha nako kuna madhara, kwa kuwa krankshafti hupiga oili ikatoa povu.

Oili chafu

Oili iliyotumika ni sumu kwa udongo na maji, na ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ngozi. Katika Afrika Mashariki hupakwa kwenye nguzo na mbao ili kuzuia mchwa, lakini sehemu yake huingia ardhini. Njia bora ni kuikusanya katika chombo kilichofungwa na kuipeleka inakosafishwa upya.

Tazama pia
- Injini ya mwako wa ndani
- Msuguano
- Mnato