Kinywa cha Kuazima: Hotuba ya Enoch Powell ya 1968 na Mapokezi Yake

Katika uchambuzi wa hotuba tumezoea kuuliza msemaji amesema nini na kwa ufundi gani. Ni mara chache tunapouliza kama maneno aliyoyatamka ni yake. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo juu ya hotuba moja ambayo, ijapokuwa ilitolewa mbali na kwetu, inaigusa historia ya Kenya zaidi ya inavyodhaniwa: hotuba ya Enoch Powell, mbunge wa Chama cha Wahafidhina cha Uingereza, aliyoitoa katika hoteli moja mjini Birmingham siku ya Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1968.

Powell hakuwa mropokaji. Alizaliwa Birmingham mwaka 1912, akawa profesa wa Kiyunani katika Chuo Kikuu cha Sydney akiwa na umri wa miaka 25, na kati ya 1960 na 1963 alikuwa Waziri wa Afya. Mtu wa namna hiyo hapimwi kwa kusema kwamba ulimi ulimteleza.

Mazingira ya hotuba yenyewe yanaanzia kwa sehemu hapa kwetu. Baada ya uhuru wa 1963, Waasia wengi wa Kenya ambao hawakuchukua uraia wa Kenya walibaki na pasi za Kiingereza. Sheria za Kenya za mwaka 1967 juu ya uhamiaji na leseni za biashara ziliwafanya maelfu kati yao wafunge maduka na kuelekea London. Serikali ya Chama cha Leba ilipitisha Bungeni kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia, nayo ikaanza tarehe 1 Machi 1968. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati Kenya ilipopata uhuru, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakidai kizuizi hicho. Iain Macleod, Mhafidhina mwenzake aliyeshika wizara hiyo kabla yake, aliipinga sheria kwa hoja kwamba watu hao walikuwa wamepewa ahadi. Kwa hiyo tusemapo “wahafidhina” na tuseme kwa hadhari.

Majuma saba baadaye Powell alisimama Birmingham. Alikuwa akiupinga mswada wa kukataza ubaguzi wa rangi katika nyumba na kazi, uliokaribia kujadiliwa Bungeni. Anayeisoma hotuba hiyo leo atashangaa kuona kwamba sehemu zake kali hazikusemwa katika nafsi ya kwanza. Zimegawiwa vinywa vitatu. Cha kwanza ni cha mpiga kura wake mmoja, mtu wa kawaida, anayetaka watoto wake waihame nchi. Cha pili ni cha barua aliyodai kuandikiwa juu ya mwanamke mzee mzungu aliyesalia peke yake katika mtaa uliojaa weusi, ambaye kinyesi kilisukumwa ndani kupitia tundu la barua mlangoni pake. Waandishi wa magazeti walimtafuta bibi huyo wakati ule wasimpate. Cha tatu ni cha mshairi Virgil, katika kitabu cha sita cha Aeneid, ambamo kuhani wa kike anatabiri vita na damu katika mto Tiber.

Waswahili husema mjumbe hauawi, na bila shaka Powell alitaka kinga ya mjumbe. Alisema waziwazi kwamba hana haki ya kunyamaza ikiwa raia wema humweleza mambo hayo. Lakini mjumbe hutumwa. Hachagui barua ipi aisome na ipi aitie mfukoni.

Neno moja la yule mpiga kura linastahili kutuchelewesha. Alisema kwamba baada ya miaka 15 au 20 mweusi ndiye atakayeshika mjeledi juu ya mweupe. Kwa Kiingereza huo ni msemo wa kawaida, uliotoka katika uendeshaji wa farasi, na watu huutumia bila ya kuukumbuka mjeledi wenyewe. Mfasiri wa Kiswahili ana njia ya mkato: anaweza kuandika kwamba mweusi atashika mpini na mweupe makali. Tafsiri hiyo ni fasaha, lakini humfanyia msemaji hisani asiyostahili, kwani inaufuta mjeledi. Katika sentensi inayowataja mweusi na mweupe pamoja, mjeledi haubaki kuwa wa farasi. Aliyefanya kazi katika mashamba ya walowezi anajua kiboko kilikuwa mkononi mwa nani.

Mapokezi yalipasuka pande mbili. Siku ya pili yake Edward Heath, kiongozi wa chama, alimwondoa Powell katika baraza kivuli la mawaziri. Gazeti la The Times liliita hotuba hiyo ovu. Tarehe 23 Aprili, hata hivyo, makuli wapatao 1,000 wa bandari ya London waligoma na kuandamana hadi Bungeni kumwunga mkono, watu ambao kwa desturi kura yao ilikuwa ya Chama cha Leba. Uchunguzi wa maoni wa Gallup ulionyesha kwamba asilimia 74 waliafikiana naye. Wahamiaji nao hawakukaa kimya: mwezi huo huo vyama vyao viliunda muungano wa watu weusi, na Januari 1969 wakaandamana London wakidai sheria za uhamiaji zifutwe.

Umma ndio ulioipa hotuba jina la “Mito ya Damu”. Jina hilo halimo ndani yake. Powell alitaja mto mmoja, tena wa Roma. Wasikilizaji wakaiongeza idadi na kuuleta Uingereza. Akisema baadaye kwamba ameeleweka vibaya, hutakosa mahali pa kumpa haki kwa herufi. Lakini mjuzi wa balagha anapoiweka damu mwishoni mwa hotuba, baada ya bibi mzee na mjeledi, amekwisha kuuchagua mwelekeo wa maji.

Wanaomtetea hukumbusha Hola, na ni haki wakumbushe. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi hiyo ya Tana, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Usiku wa tarehe 27 Julai Powell aliikabili serikali ya chama chake mwenyewe Bungeni. Alisema Uingereza haiwezi kuwa na vipimo vya Kiafrika huko Afrika na vya Kiingereza nyumbani kwake. Hoja hiyo aliitoa kwa nafsi yake, bila kinywa cha kuazima, na ni miongoni mwa hoja bora zilizopata kutolewa katika Bunge hilo juu ya Kenya.

Hata hivyo ipo sehemu isiyonukuliwa mara nyingi. Mwenzake mmoja chamani alikuwa amewaita marehemu hao viumbe wasiofikia ubinadamu. Powell alilirudia neno hilo, akasema na iwe hivyo, kisha akaeleza kwamba haliondoi dhima ya vifo vyao. Dhima aliitetea. Neno alilipisha. Miaka 9 baadaye, Birmingham, alipisha mengine, na safari hii hapakufuata kanusho.