Shina Hubaki, Tunda Huliwa

Ndugu msomaji, ukisimama bandarini Mwanza ukaitazama shehena inayopakiwa na kushushwa, jiulize: mali iliyopita ziwani zamani ilikwenda wapi, na nini kimebaki?

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe mazao yake sadaka. Basi haikuuzwa, haikupewa mtu, wala haikurithiwa. Huo ndio wakfu: shina hubaki, tunda likaliwa na wahitaji.

Sasa tuitazame historia yetu. Kabla ya reli, mali ya bara ilishuka pwani mabegani mwa watu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Miongoni mwa waliotajirika kwa misafara hiyo ni Sewa Haji Paroo. Alipofariki mwaka 1897, aliacha nyumba na viwanja vyake mikononi mwa serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba mapato yake yawafae wagonjwa maskini, wakiwamo wenye ukoma. Fedha yake ilijenga pia hospitali Dar es Salaam. Wajerumani walishindwa vitani, Waingereza nao wakaondoka. Jina lake lingali kwenye jengo la wodi pale Muhimbili.

Allidina Visram alianza ujana wake Bagamoyo, akifanya kazi kwa huyo Sewa Haji. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara yake ilienea kandokando ya Ziwa Victoria. Alikuwa karimu sana, akitoa mfukoni mwake. Alifariki mwaka 1916, na haikupita miaka mingi biashara ile kubwa ikaporomoka. Shule yenye jina lake, iliyojengwa Mombasa na mwanawe Abdul Rasul, ndiyo inayosimama hadi leo.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, kutoa mfukoni ni kwema, lakini mfuko hutoboka. Mali iliyofungwa kwa sharti huendelea kutoa baada ya mwenyewe kufukiwa. Pili, na hili lituume: jasho lilitoka bara, lakini hospitali na shule hizo zilisimama pwani. Mpagazi wa Usukuma aliubeba mzigo, tunda tukalila sisi.

Wewe mwenye duka au nyumba ya kupangisha Mwanza, Musoma au Bukoba, zingatia. Weka wakfu mlango mmoja tu, kodi yake isomeshe watoto wa hapo hapo ulipochumia. Usipoweza peke yako, changeni jamaa kumi. Andikeni, wekeni mashahidi na msimamizi mwaminifu, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka, kwani wakfu usio na hesabu huliwa na msimamizi wake. Tena fanya ungali hai na mwenye afya, kwa sababu wasia hauvuki thuluthi, na warithi wakishaanza kugombana hakuna atakayewakumbuka watoto wa Mwanza.