Mizinga Iliyoshuka kwa Miavuli

Askari wa miavuli ana sifa ya kufika mahali ambapo adui hakumtazamia. Lakini anao upungufu mmoja wa tangu zamani: hupigana kwa kile alichoshuka nacho, na mzinga haubebwi mgongoni. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yalitafuta dawa ya upungufu huo, na historia ya jitihada hizo ina mafunzo kwa kila mlinzi wa nchi.

Tarehe 5 Septemba 1943, Kikosi cha 503 cha askari wa miavuli wa Marekani kilishuka Nadzab, katika bonde la mto Markham huko New Guinea, nchi ya majani marefu mfano wa kandokando ya Ruzizi. Pamoja nao waliruka Waaustralia 34 wa Kikosi cha 2/4 cha mizinga. Hawa walikuwa wapiga mizinga wa kawaida waliojitolea, wakapewa mafunzo ya siku chache tu. Mizinga yao miwili ya ratili 25, iliyofupishwa ili iwe myepesi, ilifunguliwa vipande vipande na kuangushwa kwa miavuli. Kazi kubwa ya siku ile haikuwa kupiga, bali kutafuta vyuma majanini na kuviunganisha. Vipande vya mzinga wa pili vilikawia kupatikana.

Hata hivyo Nadzab ilikuwa ushindi, kwa sababu lengo lilikuwa kiwanja cha ndege. Kesho yake ndege zilianza kutua, Divisheni ya 7 ya Australia ikaletwa, na Lae ikatwaliwa tarehe 16 mwezi ule ule.

Septemba 1944, Waingereza walipeleka Arnhem, Uholanzi, mizinga ya milimita 75 kwa ndege zisizo na injini. Wapiga mizinga walisimama imara Oosterbeek, lakini jeshi la msaada lilichelewa barabarani na makombora yakapungua. Kati ya watu wapatao 10,000 waliotua ng'ambo ya mto, waliorudi hawakufika 2,500. Ushujaa ulikuwapo, njia ya kuupelekea risasi na chakula haikuwapo.

Karibu zaidi nasi, alfajiri ya 24 Novemba 1964, askari 320 wa Ubelgiji waliruka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuondoa vizuizi uwanjani ili ndege nyingine zitue. Mateka wengi waliokolewa. Wengine waliuawa mjini kabla ya kufikiwa. Dakika zilihesabiwa kwa roho za watu.

Kwa hiyo, askari anayekesha kwenye uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, katika tambarare ya Imbo, asidhani kwamba analinda lami tupu huku mji ukiwa mbali naye. Anayekamata uwanja ameshika mlango, na nyuma ya mlango huo wamelala watu wa Rohero na wa Bujumbura nzima.