Mmea Usio na Kwao: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Mimea Ilayo Wadudu

Mwanaisimu akiletewa neno geni huuliza kwanza: limesikika wapi, na kwa nani? Neno lisilo na mahali wala msemaji halithibitishi jambo lolote. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba bustani za mimea zilijifunza kanuni hiyohiyo kwa hasara. Mifano yetu ni ya Nepenthes, mmea ambao ncha ya jani lake hugeuka mtungi wenye majimaji. Wadudu huteleza ndani, wakafa, na mmea ukafyonza lishe yao.

Katika karne ya 19, kitalu cha familia ya Veitch, nchini Uingereza, kilituma watu hadi Borneo kutafuta mimea ya kuuza. Kwa wafanyabiashara hao, mahali mmea ulipochimbwa palikuwa siri ya biashara, si elimu ya kugawana. Mwaka 1862 ulitangazwa mmea chotara wa kwanza wa Nepenthes uliozalishwa na binadamu, kazi ya mtunza bustani wao John Dominy. Mzazi mmoja alijulikana: Nepenthes rafflesiana. Mzazi wa pili alitajwa tu kuwa aina isiyotambuliwa kutoka Borneo. Wataalamu hukisia kuwa ni Nepenthes gracilis, lakini kisio si ushahidi.

Mfano wa pili ni wa mchoraji Marianne North. Mwaka 1876, akiwa Sarawak, alichora mtungi mkubwa ambao wataalamu wa Ulaya hawakuufahamu. Harry Veitch alipoiona picha hiyo alimtuma Charles Curtis kuutafuta mmea wenyewe, naye akaupata. Mwaka 1881 Joseph Hooker aliuita Nepenthes northiana. Picha ilionyesha umbo na rangi kwa uaminifu, lakini haikuweza kumwelekeza msafiri kwenye mwamba mmea ulikoota. Leo twajua kwamba huota kwenye majabali ya chokaa ya eneo la Bau.

Mfano wa tatu ndio mzito zaidi. Nepenthes clipeata, iliyokusanywa na Hallier mwaka 1894 na kupewa jina na Danser mwaka 1928, huota porini mahali pamoja tu: mlima wa mawe wa Kelam, Kalimantan Magharibi. Moto na wachimbaji wa kuuza wameipunguza mno. Imo katika bustani za mbali. Lakini Nepenthes ina mimea dume na mimea jike, tena aina zake huchanganyika kwa urahisi. Mmea usio na kumbukumbu hauwezi kusadikiwa kuwa mzawa halisi wa Kelam. Hata ukistawi namna gani, hautafaa kurudishwa mlimani.

Hapa yafaa tukubali pingamizi moja. Kutangaza mahali penyewe ni kumwonyesha mwizi njia. Hata hivyo, dawa yake si kutoandika. Ni kuandika kwa ukamilifu na kuifungia habari hiyo katika daftari la bustani, huku kibao cha mmea kikibeba namba tu. Mwaka 1987 ulitolewa mfumo wa kimataifa wa kubadilishana kumbukumbu kati ya bustani. Ndani yake herufi W ni mmea uliotoka porini. Z, uliozalishwa kutokana na mmea wa porini unaojulikana. G, wa bustanini. Na U, usiojulikana asili. Herufi ya mwisho ni rahisi kuiandika, ila kuifuta ni vigumu.

Jambo hili latuhusu nasi. Nepenthes haioti katika bara letu, lakini Katanga ina mimea yake ilayo wadudu. Mmoja wao, Drosera katangensis, uliotajwa kitaalamu na Taton mwaka 1945, unabeba jina la jimbo la zamani. Jina la jimbo, hata hivyo, halitoshi: Katanga ni pana. Mwanafunzi anayechuma mmea aandike papo hapo bonde au kijiji, mwinuko, aina ya udongo, tarehe na namba yake. Aandike pia jina wanaloliita wenyeji, kama walitamkavyo. Asisubiri kurudi nyumbani. Mmea uliokauka waweza kuloweshwa ukachunguzwa tena, lakini mahali palipokwisha kusahauliwa hapana wa kupakumbusha.