Zege la Kariakoo na Banda Letu la Temeke

Kamati ya wanafunzi wa zamani imependekeza tujenge banda dogo mbele ya lango la shule yetu hapa Temeke, ili wananchi wanaongojea basi wapate kivuli. Wapo wasemao kwamba nguzo nne na bati zatosha. Mimi, niliyefanya kazi ya ujenzi tangu nilipotoka shuleni, naomba kwanza tutazame historia ya zege katika mji huu.

Zamani saruji yetu iliagizwa kutoka nje. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill, upande wa Kinondoni, kilianza kuitengeneza kwa mawe ya chokaa ya hapo hapo. Tukawa na saruji yetu. Lililobaki likawa ni kujua la kuifanyia.

Jibu zuri lilitolewa na Ndugu Beda Amuli, msanifu majengo wetu aliyesomea Haifa, katika Soko Kuu la Kariakoo. Ujenzi ulianza mwaka 1971, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Paa lake ni safu za miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mwavuli huo huleta kivuli, hupitisha hewa, tena hukinga maji ya mvua na kuyateremsha chini yahifadhiwe. Aliyezoea kuuza chini ya mwembe haoni ugeni humo. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza soko, lakini halikubomolewa, lilikarabatiwa.

Funzo ni hili: zege halina umbo lake lenyewe. Hufuata mbao zilizolizuia lilipokuwa bichi. Kwa hiyo fikra ya msanifu na mkono wa seremala hutangulia mfuko wa saruji.

Kwa banda letu, mwavuli mmoja watosha, na pipa la maji chini yake. Lakini tusitumie mchanga wa pwani, kwani chumvi hula nondo. Nondo nazo zifunikwe vizuri, na zege limwagiliwe maji kwa siku saba angalau.

Vijana mliopo shuleni, chukueni rula na karatasi, mchore mwavuli huo. Sisi wazee tutachanga fedha. Bati litawafunika wasafiri tu. Mwavuli wa zege utawafunika na kuwafundisha pia.