Vibanja vilivyobaki na bibi na wajukuu

Ni zaidi ya miaka 40 sasa tangu 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini walipogunduliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba, mkoani Kagera. Kila Desemba Mosi tunasikia hotuba za maambukizi na dawa. Waliobaki vijijini, kuanzia Kagoma hadi Kanyigo mpakani, baada ya vijana wao kuzikwa migombani, hawatajwi sana.

Vita vya Kagera vilikwisha 1979, magendo yakashamiri mpakani, kisha maradhi yakaingia. Watu waliyaita Juliana, kwa jina la nguo za mtindo kutoka Uganda. Mwaka 1987, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne mjini Bukoba alikutwa na virusi.

Gabriel Rugalema, aliyeandika 1999 kuhusu kijiji kimoja cha Bukoba, anaonyesha yaliyotokea majumbani: mali ziliuzwa kwa matibabu, na mikono ya kulima ikahamia kwa mgonjwa. Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kisipopata samadi na palizi, migomba hukonda. Bibi aliyedhani amemaliza kulea akaanza upya. Mpango wa HUYAWA wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) ukasaidia yatima.

Lakini wanaume wakiisha, kibanja ni cha nani? Swali hilo lilikuwa tayari mahakamani. Mwaka 1988 Holaria Pastory, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa Sh300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Bernardo Ephrahim, jamaa yake, akashtaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akashinda: sheria ya mila ya 1963 ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mahakama ya Wilaya ikageuza hukumu. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamaliza ubishi: Katiba inakataza ubaguzi, hivyo mwanamke anauza kama mwanamume. Bernardo akapewa miezi sita kulikomboa shamba kwa bei ileile.

Kesi hiyo haikuhusu ukimwi. Hata hivyo, katika mkoa uliokuwa ukijaa wajane, sioni hukumu iliyokuja kwa wakati wake zaidi, na inauma kwamba wanafunzi wa Muleba wanaweza kumaliza shule bila kuisikia.

Baadaye dawa za kufubaza virusi zikafika, mnyauko ukaja kuikausha migomba, na lami ikapita Kagoma kuelekea Biharamulo. Lakini, licha ya hukumu ile, kanuni za mila za 1963 zimebaki vitabuni. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iliitaka Tanzania izibadili, kufuatia malalamiko ya wajane wawili wa Shinyanga.